Wifi Yangu Kwenye Shimo la Tisa

Wifi yangu, ambaye kazini wote wanamwita Reki, ni dada wa yule mwanamume aliyeniacha. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akaniuliza katikati ya habari kwa nini nilipiga kelele kuliko wachezaji wenyewe. Kaka yake alinitoa katika nyumba ambayo matofali yake niliyabeba kwa kichwa changu, akaingiza humo msichana wa mapokezi. Ndugu zake wote walinigeuzia mgongo, isipokuwa huyu mmoja. Alikuja na toroli la bustani, akapakia masufuria na godoro langu, akalisukuma mwenyewe hadi kwenye chumba nilichopanga, njia nzima akimtukana kaka yake kwa sauti ambayo hata waliolala mchana waliamka kusikiliza.

Kwa hiyo habari zake sizisimulii kama mpita njia.

Hoteli tunayofanyia kazi ni ya watu wa kupumzika. Vyumba vinatazama bwawa, na nyuma ya jiko kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Si uwanja wa wanachama. Yeyote anayelipa dirishani anaingia: dereva wa lori, bwana harusi na mashemeji zake, mwalimu aliyestaafu na mkewe. Ndiyo maana nyasi zake huchimbwa na fimbo za watu kama shamba la viazi, na ndiyo maana wifi hakosi kazi. Mimi niko dobi, kwenye chumba cha kufulia. Shule sikuiona; herufi nimejifunza kwenye lebo za mashati ya wageni. Wifi naye aliingia uwanjani msichana mdogo, kufyeka, na hajatoka mpaka leo magoti yanamlia akiinuka.

Kazi yake huanza wageni wakiwa bado wanakoroma. Anapiga reki mchanga wa kwenye mabunka, yale mashimo ya mchanga yaliyowekwa makusudi kuwatesa wachezaji, mpaka unakuwa kama shuka lililotoka kwenye pasi. Kisha anahamisha matundu. Wengi hawajui kwamba tundu la gofu huhamishwa. Linachimbwa mahali pengine kwa chombo cha chuma cha mviringo, na kile kipande cha udongo na nyasi zake kinaziba tundu la jana, maana nyasi zikikanyagwa palepale kila siku zinakufa. Akishachimba, wifi huweka mpira na kuusukuma aone kama unaingia vizuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Alianza kwa kuupima mpira kwa karibu, akawa anarudi nyuma kidogo, halafu kidogo tena, hadi ikawa nikimpelekea chai namkuta anapiga kutoka ukingoni kabisa na wala hanioni.

"Wifi, chai inapoa."

"Iache ipoe. Huu unakata kulia."

Fimbo zake alizikusanya kwenye stoo ya vitu vilivyosahauliwa na wageni. Moja ilikuwa ya mwanamume mrefu, moja ya mtoto, na nyingine shingo yake imefungwa utepe mweusi wa fundi umeme. Jumatatu alasiri uwanja unafungwa kwa wageni na wafanyakazi wanaruhusiwa kucheza. Wengine huenda mara moja, wakipiga hewa wanacheka na kurudi kulala. Yeye hajawahi kukosa.

Sasa, msimamizi wa uwanja huo ni nani? Ni huyohuyo kaka yake. Wafanyakazi wanamwita Mkubwa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Anacheza vizuri, sitadanganya. Anaupiga mpira mbali mpaka unaukosa machoni. Tatizo lake ni kwamba kila kizuri kinachopita mbele yake anadhani kimeletwa kwake.

Siku moja meneja wetu, mama mmoja mfupi anayetembea kama anakimbia mvua, alitangaza kwamba anataka mwalimu wa kuwafundisha gofu wageni wapya, na atamtoa miongoni mwetu. Mkubwa akaanza kupokea hongera siku ileile. Wifi alivuka uwanja na mabuti yake ya mpira, akaingia ofisini, akaacha tope zuliani, akasema, "Mama, na mimi naiomba hiyo kazi."

Mkubwa alikuwemo humo. Alicheka hadi akashika meza.

"Dada, wewe utawafundisha wageni nini? Kupiga reki?"

"Nitawafundisha kusikiliza, kaka. Wewe huwezi."

Meneja naye ni mchezaji. Akasema basi mtacheza Jumatatu, mashimo yote tisa, nyinyi wawili. Anayemaliza shimo kwa mapigo machache ndiye mwenye shimo hilo, na atakayekuwa na mashimo mengi ndiye mwalimu. "Mkitoka sare," akaongeza, "nitamchukua msimamizi, kwa sababu ya cheo chake."

Nje ya ofisi Mkubwa alimshika dada yake bega kwa upole, ule upole wake ninaoujua.

"Ukishindwa nakuhamishia jikoni. Magoti yako hayauwezi tena uwanja. Utaosha vyombo, upumzike."

Na uwezo huo anao. Watu wa uwanjani yeye ndiye anayewapanga. Wifi alikuja dobi amebadilika rangi. Mtu aliyekulia kwenye umande na jua, umfungie kwenye sinki la jiko lisilo na dirisha, asikie tu kelele za sahani! Alikaa juu ya furushi la taulo chafu.

"Wifi, utanibebea mfuko?"

"Nitakubeba wewe na mfuko wako."

"Lakini mdomo uuache hapa dobi."

"Mdomo sijawahi kuuacha mahali, hata nilipofukuzwa nilitoka nao."

Akacheka. Nikajua tutacheza.

Jumatatu hiyo dobi ilifungwa, bustani ikafungwa, na jiko likabaki na mtu mmoja wa kuangalia moto. Wageni nao walijaa ukumbi wa nje wa hoteli na vinywaji vyao. Mkubwa alifika na shati jeupe na viatu vya gofu. Nyuma yake alikuja mke wake mpya, ambaye nitamwita Mwamvuli, kwa kuwa ndicho alichoshika na ndicho kilichoonekana. Niliitazama kola ya lile shati. Pasi haikupita vizuri. Nilifurahi, sifichi.

Shimo la kwanza lilikuwa lake. Alipiga, mpira ukapaa, watu wakasema "aaah," na wifi akapiga wa kwake ukatambaa kama mjusi. Nikamwambia, "Wifi, ni nyasi zako hizi. Huyu ni mgeni."

La pili walimaliza sawa, na hapo nikajifunza adabu moja ya mchezo huu. Mpira wa Mkubwa ulisimama karibu kabisa na tundu. Wifi akamwambia, "Chukua, kaka." Nikamuuliza kwa kunong'ona kwa nini anamwachia. Akanieleza kwamba katika kucheza shimo kwa shimo, mpira wa mwenzako ukiwa karibu sana unaweza kumhesabia kama umeingia, asihangaike kuupiga. Ni hiari yako. Usipomwambia, lazima apige. Mkubwa aliokota mpira wake, na asante haikumtoka.

Shimo la tatu ndilo lililoniamsha damu. Wifi alikuwa mbali na tundu, pale kwenye nyasi zile fupi kama zulia, na kati yake na tundu kulikuwa na bonde na kilima. Mkubwa alishasogea kando anaongea na Mwamvuli. Wifi aliinama, akaangalia, akapiga kuelekea upande ambao hata mimi niliona ni wazimu. Mpira ukashuka bondeni, ukapanda, ukajikunja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukarudi, ukaingia. Wapishi walirusha kofia. Mimi nilijikuta nimemkumbatia fundi bomba, mtu ambaye hatujasalimiana tangu alipoziba vibaya mfereji wa dobi.

"Bahati," alisema Mkubwa.

"Bahati ndiyo hiyo," nikamjibu. "Wengine waliwahi kuwa nayo nyumbani wakaitupa nje."

"Wifi!" Reki akanikata. "Shika mfuko."

La nne Mkubwa alilichukua kwa nguvu zake. La tano mipira yote miwili iliingia kwenye bunka moja. Wifi alitoka kwa pigo moja, mchanga ukaruka kidogo tu. Mkubwa alipiga mara ya kwanza akajimwagia mchanga shatini, mara ya pili akazidi kujimwagia, ndipo akatoka. Shimo likawa la wifi. Na mnajua alichofanya? Alichukua reki akaanza kusawazisha zile nyayo za kaka yake, anaenda kinyumenyume, polepole, kama alfajiri yoyote. Watu walikufa kwa kicheko.

"Reki, leo si zamu yako!" mpishi mmoja alipaza sauti.

"Nani atapiga? Wewe?" alijibu bila kuinua kichwa.

La sita wakatoka sawa. Hapo tena wifi alimpa kaka yake mpira wa karibu, "chukua," na yeye akachukua kama kawaida yake. La saba akashinda Mkubwa. Nilianza kuhesabu sahani kichwani. Yamebaki mawili, na kaka mtu yuko mbele.

La nane ni fupi, lakini lazima uruke mkono wa bwawa. Wifi alitoa ile fimbo ya mtoto. Kulikuwa na mgeni aliyesema kwa sauti, "Jamani, hiyo si ya kuchezea mwanangu?" Wifi akapiga. Mpira ulipanda juu sana na kushuka wima kama embe lililoiva, ukakaa ng'ambo palepale ulipoanguka. Halafu makofi.

Mkubwa aliangalia fimbo yake ndogo, akamwangalia Mwamvuli, akairudisha. Akatoa kubwa. Mimi nimeishi na mtu huyu. Nilijua kabla hajainua mikono. Aliupiga mpira kwa hasira, ukaenda chini chini, ukagonga maji, bata wakaruka kila mmoja na njia yake. Nilipiga kelele ambayo sikujua kwamba bado ninayo.

"Msamehe mbeba mfuko wangu, Mama," wifi alimwambia meneja.

"Sijasikia kitu," meneja akajibu, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Wakawa sawa, mashimo matatu kwa matatu. Limebaki la tisa. Mkubwa sare inamtosha. Wifi lazima ashinde.

Shimo la tisa ni refu kuliko yote, linapanda hadi chini ya ukumbi wa hoteli. Sote tulipanda nalo, mvua ya maneno nyuma yetu. Wifi alishaanza kuchechemea kwa goti. Alipiga vifupi vifupi, vimenyooka. Mkubwa alipiga virefu, kimoja kikaenda vichakani akarudi nacho kwa pigo la ziada. Tulipofika kwenye nyasi fupi, kila mmoja alikuwa ameshapiga mara nne. Mpira wa Mkubwa ulilala karibu na tundu, pungufu ya urefu wa mkono. Wa wifi ulikuwa juu huko, mbali, kwenye mteremko.

Hesabu hiyo hata mimi wa dobi niliipata. Mkubwa akiusukuma wake anamaliza kwa tano. Wifi hata utokee muujiza autumbukize ule wa mbali, naye ni tano. Sare. Na sare ni jikoni. Niliona wapishi wanaangalia chini, walishaanza kumpokea. Wifi alichuchumaa kuusoma mteremko hivyohivyo, kwa sababu aliye mbali ndiye anayetangulia.

Hapo Mkubwa alimpungia mkono Mwamvuli juu ukumbini. Akainama. Akauokota mpira wake, akautia mfukoni.

"Haya dada, malizia twende tukanywe soda."

Mfuko wa fimbo ulinidondoka.

"Nani amempa?" nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kubwa. "Nani amempa huo mpira? Wifi, umempa? Mimi sijasikia 'chukua' ya mtu yeyote!"

"Wewe nyamaza, kafue," alisema Mkubwa.

"Nishafua sana, nguo zako zikiwemo. Nakuuliza, nani amekupa?"

Watu walianza kunong'ona. Mkubwa akacheka kidogo, akamgeukia meneja. "Mama, mpira ule ulikuwa wa kuingia. Hata kipofu angeuingiza. Kila Jumatatu nikifika hapo karibu vijana wananiambia chukua Mkubwa, ndiyo kawaida yetu."

Na ni kweli. Miaka yote hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumfanya apige mpira wa karibu. Nani angemkatalia anayepanga zamu? Mkono wake ulikuwa umezoea kuinama na kuchukua, na siku hiyo uliinama wenyewe. Nilivyomfahamu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Meneja alimtazama Reki.

"Reki, ulimpa kaka yako mpira huu?"

Wifi alikuwa bado amechuchumaa. Alimwangalia kaka yake. Wamenyonya ziwa moja hawa. Najua alikuwa anatafuta mahali pa kumhurumia, na nilijibana ulimi kwa meno ili nisiseme neno.

"La pili nilimpa," akasema. "La sita nilimpa. Hili sijampa. Wala hakuniuliza."

"Dada!"

"Sijakupa, kaka. Urudishe."

Meneja akainua mkono watu wanyamaze. Akasema mpira unarudi pale ulipokuwa, na aliyeuokota bila kupewa anaongezewa pigo moja. Maana yake Mkubwa sasa alikuwa na mapigo matano kabla hata ya kuusukuma. Angemaliza kwa sita. Wifi akiuingiza ule wa mbali kwa pigo moja, ana tano, shimo ni lake. Akihitaji mapigo mawili, sare, na sinki linamsubiri.

Mkubwa aliutoa mpira mfukoni na kuuweka chini kana kwamba unamuunguza. Ukumbi mzima ulisimama. Mwamvuli aliukunja mwamvuli wake.

Nilimsogelea wifi na fimbo. Nilitaka kumwambia jambo la maana, la kumpa moyo, nikakosa. Nikasema, "Wifi, chai inapoa."

Midomo yake ikacheza. "Iache ipoe."

Akasimama. Alipiga taratibu sana, nikadhani amekosa nguvu, nikadhani hautafika hata nusu. Ukatoka. Ukashika mteremko. Ukaanza kukata, sasa unakwenda, unakwenda, mtu mmoja akasema "simama!" mwingine akasema "usisimame!" Ukapunguza mwendo karibu na tundu kama mgeni anayebisha hodi. Ukafika ukingoni. Ukachungulia.

Ukaingia.

Sijui nilifanya nini. Nimeambiwa niliruka, nimeambiwa nilipiga magoti, nimeambiwa nilimbusu meneja. Nakumbuka vigelegele vya wanawake wa dobi na wifi amekaa chini katikati ya nyasi, ameweka mikono kichwani, anarudia, "Umeingia? Wifi, umeingia?" Huku ameuona kwa macho yake mwenyewe.

Mkubwa alikuja akasimama mbele yake.

"Umenishinda kwa sheria," akasema.

"Kwa mpira, kaka. Sheria ilikurudisha ulipokuwa, basi." Akanyoosha mkono. "Niinue, goti limekataa."

Naye akamwinua. Nililiona hilo na nalisema, ingawa halinifurahishi.

Ualimu umemkaa. Wageni wanamfuata kama vifaranga. Ukienda karibu utamsikia: "Usiikabe fimbo, haijakuibia kitu." Ile reki bado anaishika, anasema bila mchanga asubuhi haijaanza, lakini kuinama kwingi wanainama vijana. Mkubwa bado ni msimamizi, anapita na mashine yake ya kukata nyasi, na nimesikia kwamba siku hizi Jumatatu vijana wanamwambia, "Piga, Mkubwa, tuone."

Juzi wifi alinilazimisha na mimi nishike fimbo. Nikasimama kama alivyonielekeza, nikainua, nikapiga hewa. Nikarudia, nikapiga hewa tena, nusura nianguke. Ng'ambo ya uwanja mashine ya kukata nyasi ilikuwa inakwenda na kurudi na yule mtu juu yake.

"Wifi," akasema Reki nyuma yangu, "usimwangalie yeye. Angalia mpira."